TV ya kabati la gemu: ya sebuleni si lazima iwe ndiyo

Kabati la gemu la miaka ya 80 lilijengwa kulizunguka bomba: TV ya kichogo ya inchi 19 au 25, umbo la 4 kwa 3. Bomba likishakufa, au kama unajenga kabati jipya la Raspberry Pi (bodi ndogo ya kompyuta) au kompyuta ndogo, utahitaji skrini bapa, na hapo ndipo pesa hupotea. Muuzaji wa Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi) atakusifia rangi, wembamba na YouTube. Ndani ya kabati hakuna hata kimoja cha hivyo chenye kazi. Kinachoamua ni picha inachelewa kiasi gani, umeme ukirudi TV inawaka yenyewe au inasubiri rimoti, na picha ya 4 kwa 3 itabaki na ukubwa gani ndani ya kioo cha 16 kwa 9. TV inaweza kuwa nzuri kwa mpira na tamthilia lakini ikashindwa yote matatu.

Inchi za boksi na inchi za gemu

Street Fighter II ya Capcom (1991) na Metal Slug ni gemu za kulala, yaani picha ni pana kuliko kimo chake. Pac-Man (1980), Galaga na Donkey Kong (1981) ni za kusimama: bomba liligeuzwa ubavu. Ukiweka gemu ya kulala kwenye TV ya leo, pande mbili zinabaki nyeusi, na ulalo wa picha yenyewe ni karibu asilimia 82 ya inchi ulizolipia. TV ya inchi 32 inakupa picha ya inchi 26, ya 27 inakupa 22, ya 24 inakupa inchi 19 na nusu hivi. Kwa hiyo anayeiga kabati la inchi 19 inamtosha skrini ya 24, na anayeiga la inchi 25 aende 32.

Kwa gemu za kusimama hesabu ni nyingine. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha karibu sm 40, hivyo Pac-Man ataonekana kwenye upana wa sm 30, ulalo wa inchi 19 na nusu. Huo ndio ukubwa wa kabati lake la awali, na hukugeuza chochote. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuipenda inchi 32: inalala, inabeba aina zote mbili za gemu, na hakuna mtambo wa kuizungusha utakaolegea baada ya muda. Kwenye inchi 24 iliyolala, Pac-Man anashuka hadi inchi 14.7. Anachezeka, ila ukiwa umesimama mbele ya kabati utajikuta unasogeza uso.

Kikwazo cha inchi 32 ni mwili wake. TV ya namna hiyo ina upana wa sm 72 au 73, ilhali kabati la kawaida lina upana wa nje wa sm 61 hadi 63, na mbao mbili za milimita 18 zikikaa unabaki na sm 57 hadi 59 ndani. Monita ya inchi 24 yenye kingo nyembamba (sm 54 hivi) inaingia bila shida. Ya inchi 27, karibu sm 61, inakosa nafasi kidogo tu, na hapo watu hushawishika kuchimba mfereji kwenye mbao za ubavuni. Sentimita moja kila upande ni mwisho. Zaidi ya hapo mbao inabaki karatasi na kabati linayumba. Kama bado hujakata mbao, tengeneza ndani sm 62 kwa inchi 27, au sm 74 kwa inchi 32. Pima mwili wa skrini uliyoinunua, si wa mtandaoni, kisha ndipo ukate.

Wengine huivua TV ngozi yake ya plastiki ili iingie. Kwa TV za sasa usifanye. Ngozi hiyo ndiyo inayokaza kioo, macho ya rimoti na kitufe cha kuwashia vimefungwa hapo hapo, na ukingo wa chini umejaa nyaya bapa zilizogandishwa kwenye kioo. Moja ikivutika, unapata mistari ya wima isiyotoka tena, wala hakuna fundi wa mtaani wa kuirudisha.

Hesabu ya mistari

Gemu hizi zina mistari michache ya pikseli, ukihesabu kutoka juu hadi chini: 224 au 240 kwa nyingi za kulala, 256 au 288 kwa za kusimama. Picha inatulia pale kila mstari wa gemu unapochukua idadi kamili ya mistari ya skrini. Isipokuwa hivyo, mstari mmoja unakuwa mnene na wa pili mwembamba, na vitu vikisogea juu na chini vinatetemeka. Ukiwasha kichujio cha kuiga mistari ya bomba, kosa hilo linageuka mawimbi ya mabakamabaka skrini nzima.

Fanya hesabu kabla ya kulipa. Skrini ya mistari 1080 inabeba 240 mara nne (960), zinabaki 60 juu na 60 chini. Ni nzuri. Kwa 288 inabeba mara tatu tu (864), na hapo Pac-Man anapungua mno. Lakini ukiisimamisha skrini hiyohiyo wima, picha ya 3 kwa 4 inakuwa pikseli 1080 kwa 1440, na 1440 ni 288 mara tano kamili. Monita ya 2560 kwa 1440 ndiyo tamu kuliko zote: 240 mara sita ni 1440, na 288 mara tano ni 1440, bila kugeuza kitu. Ya 4K inabeba 240 mara tisa, inajaa yote 2160.

TV nyingi za inchi 32 madukani ni 1366 kwa 768, hata zikiwa na stika ya «Full HD». Stika hiyo mara nyingi ina maana kwamba TV inapokea mawimbi ya 1080 na kuyakunja yaingie kwenye kioo kidogo. Mkunjo huo ndio unaoharibu. Njia ya kuishi na TV ya 768 ni kuilazimisha ipokee 1366 kwa 768 kutoka kwenye kompyuta na kuchora gemu mara tatu (720), jambo ambalo baadhi hukubali na nyingine hukataa kabisa. Zinazokataa, zipe 720p, zima vichujio vya mistari, ridhika na ulaini kidogo. Kwa mtoto anayetaka tu kurusha ngumi hakuna tofauti. Kwa anayejua bomba lilivyokuwa, tofauti ipo.

Kuchelewa kwa picha

Skrini ya Hz 60 huchora picha moja kila milisekunde 16.7. Bomba la zamani lilikuwa linachora mawimbi yanavyofika, hivyo halikuwa na la kusubiri. TV bapa huchukua picha, inaisafisha, inaikuza, inaongeza picha za kubuni katikati ili mpira uteleze vizuri, kisha inaonyesha. Kazi hizo zote zikiwa zimewashwa, TV inaweza kuchelewa milisekunde 60 hadi 150, yaani picha nne hadi tisa. Ukibonyeza kuruka, pipa la Donkey Kong limekwishakugonga. Watu hulaumu jostiki, hubadilisha vitufe, hubadilisha hata Pi, kumbe ni TV.

TV yenye hali ya gemu (Game Mode) huruka sehemu kubwa ya kazi hizo na kushuka hadi milisekunde 10 hadi 20 hivi. Monita za kompyuta kwa kawaida zinakaa hapo au chini yake bila kuombwa. Kwenye Samsung na LG, ukibadilisha jina au alama ya mlango wa HDMI kuwa PC, TV huacha pia kupunguza rangi za kingo, na maandishi madogo ya alama hubaki makali. Kisha tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha: LG huita Just Scan, Samsung huita Fit to Screen, Sony huita Full Pixel. Usipouwasha, TV hukata kingo za picha na kuikuza, na hesabu yako yote ya mistari inavurugika.

Kupima dukani ni rahisi kuliko inavyosemwa. Nenda na kompyuta mpakato, waya wa HDMI wa mita mbili, na simu. Onyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili, fungua saa ya kuhesabu milisekunde kwenye kivinjari, weka kompyuta karibu na TV, piga picha kumi zinazoonyesha saa zote mbili. Toa namba ya TV kwenye namba ya kompyuta, chukua wastani. Picha moja haitoshi kwa sababu saa yenyewe inabadilika kila milisekunde 16 au 17. Wastani ukiwa chini ya 20, nunua. Kati ya 20 na 40, itafaa kwa gemu za kusafiri na kurusha risasi, si za ngumi. Zaidi ya 50, irudishe kwenye rafu hata kama bei inapendeza. Fanya kipimo hicho ukiwa umeshawasha hali ya gemu, la sivyo unapima TV isiyo yako.

Kuna jambo la pembeni ambalo wengi hulikosa. Gemu za zamani hazikwenda Hz 60 kamili. Pac-Man ni Hz 60.6, Neo Geo (mashine ya Metal Slug) ni 59.2 hivi, na Mortal Kombat (1992) ni 54.7. Ukiifunga Mortal Kombat kwenye TV ya Hz 60, ama inakwamakwama kidogo kila baada ya muda mfupi, ama inakwenda haraka kwa karibu asilimia 10. Dawa ni monita inayobadilisha kasi kufuata gemu, FreeSync au G-Sync, yenye kuanzia Hz 48. Hii inahitaji kompyuta. Kwa anayecheza Mortal Kombat kila siku inastahili bei. Kwa wengine ni anasa.

Umeme ukirudi

Hili ndilo linaloua mapenzi ya kabati kuliko hata kuchelewa. Kabati linatakiwa liwe na swichi moja: ukiiwasha, taa ya juu, kompyuta na skrini viwake pamoja. TV janja nyingi zikikosa umeme kisha ukarudi, hukaa zimelala zikisubiri rimoti, na rimoti iko nje ya kabati wakati TV iko nyuma ya kioo. Zikiamka, huenda kwenye ukurasa wa matangazo badala ya HDMI.

Jaribu dukani: TV ikiwa imewaka kwenye HDMI, chomoa plagi (si rimoti), hesabu sekunde thelathini, rudisha. Ikiwaka yenyewe na kurudi HDMI, umepata. Isipowaka, ingia kwenye mipangilio utafute hali ya kuwaka umeme unaporudi. Baadhi ya TV zinayo wazi, nyingine imefichwa kwenye menyu ya fundi. Zima pia kujizima baada ya saa nne bila rimoti kuguswa, kwa sababu TV haijui kwamba unabonyeza vitufe vya kabati.

Ukitumia Raspberry Pi, unaweza kuiamsha TV kupitia waya wa HDMI wenyewe. Sakinisha programu ya cec-utils, kisha weka amri hii mwanzoni mwa faili la autostart.sh la RetroPie (mfumo wa gemu za zamani kwa Pi): echo "on 0" | cec-client -s -d 1. TV lazima iwe na kipengele cha CEC (kupokea amri kupitia HDMI) kimewashwa, na kila kampuni imekipa jina lake: Anynet+ kwa Samsung, Simplink kwa LG, Bravia Sync kwa Sony. Kadi za picha za kompyuta za kawaida hazina uwezo huu, hivyo mwenye PC asitegemee.

Kinyume chake pia hutokea: Pi inaamka kabla ya TV, haioni skrini, inazima mlango wa HDMI, nawe unabaki na kioo cheusi. Kwenye mifumo ya zamani ya Pi weka hdmi_force_hotplug=1 kwenye config.txt; kwenye mipya ongeza video=HDMI-A-1:1920x1080@60D mwishoni mwa mstari uleule wa cmdline.txt. Tatizo hili huonekana zaidi pale TV imechomekwa kwenye kilinda umeme kinachosubiri kabla ya kuachia, na Pi imechomekwa ukutani moja kwa moja. Vyote viwili pitisha kwenye kilinda kimoja.

Zinazogombea nafasi

TV za bei nafuu zisizo janja, zile wanazoziita dabo glasi, zinadharauliwa bila haki. Ndani yake mara nyingi kuna bodi ya yunivasali isiyo na mfumo wa programu: inawaka kwa sekunde chache, inakumbuka HDMI, na fundi yeyote wa TV anajua menyu yake ya kuchagua iwake umeme ukirudi. Haina hali ya gemu, lakini pia haina kazi nyingi za kusafisha picha, hivyo nyingine zinapima vizuri na nyingine vibaya. Pima kwa namna iliyoelezwa. Kioo chake cha ziada kinaongeza unene na mng'ao, na kama kabati lina kioo chake utakuwa na vioo viwili vinavyoakisi taa ya dari. Pima pia ulalo kwa futi: inchi 32 ni sm 81, na zipo za «32» zisizofika hapo.

Monita mtumba za ofisini, zile ex-UK, ni hazina. Lakini angalia umbo. Ile ya inchi 19 iliyojaa kila duka ni 1280 kwa 1024, ambayo ni 5 kwa 4, si 4 kwa 3. Itakuachia michirizi myeusi juu na chini, na nyingi zina kioo cha aina ya TN ambacho kikitazamwa kutoka chini kinageuka giza. Kwa kabati la watoto, ambao macho yao yako chini ya skrini, hilo ni kosa kubwa. Unayoitafuta ni ya inchi 20 yenye 1600 kwa 1200, kama Dell 2007FP au HP LP2065. Ni 4 kwa 3 halisi, na 240 mara tano ni 1200 kamili. Inaingia kwenye kabati la zamani kama ilizaliwa humo. Mapungufu: haina HDMI, hivyo utatumia waya wa HDMI kwenda DVI na sauti utaitoa kwingine; na taa yake ya nyuma ni ya mirija, inayochakaa. Iwashe dakika kumi dukani. Ikibaki ya manjano au nyekundu pembeni, iache.

Monita mpya ya inchi 24 au 27 yenye kioo cha IPS ndiyo chaguo langu kwa kabati lolote linalochezwa na watu wawili, na kwa meza ya gemu ambamo wachezaji wanaketi pande mbili ni ya lazima, maana IPS haibadiliki rangi ukiitazama kwa pembe. VA, aina nyingine ya kioo, ina weusi mzito zaidi, uwiano wa 3000 kwa 1 au zaidi dhidi ya 1000 kwa 1 ya IPS, na zile pande mbili nyeusi zinapotea vizuri chumba kikiwa giza. Ila ikitazamwa pembeni inapauka. Kasoro ya monita nyingi ni kukosa kitufe cha 4 kwa 3. Kwa Pi au PC si tatizo, programu inapanga yenyewe. Kwa bodi za Pandora Box, zinazouzwa zikiwa na gemu nyingi ndani, ambazo hutoa 720p na baadhi yake huvuta picha ijaze skrini yote, Ryu wa Street Fighter atanenepa, na hapo TV yenye kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti inashinda.

Inchi 43 ya 4K inapendeza, lakini ina upana wa sm 96 hivi na ni kabati la aina nyingine kabisa. OLED usiiguse: alama na majina ya wachezaji yanayokaa mahali pamoja kwa saa nyingi yanaweza kuacha kovu.

Kufunga, sauti, kioo

Pindua skrini uone matundu ya nyuma: 75 au 100 mm kwa monita, 100 hadi 200 kwa TV. Monita hutumia skrubu za M4, TV za inchi 32 M4 au M6. Kata ubao wa mm 18 upite kabati upande hadi upande, ufunge kwa skrubu za mm 25, ili mm 6 au 7 ziingie ndani ya skrini. Ndefu zaidi ya hapo inaweza kugusa bodi. Acha nafasi ya sm 5 nyuma na tundu la hewa juu ya mgongo wa kabati; joto linapanda, na TV ipo juu.

Spika za TV hutazama chini au nyuma, ndani ya kabati zinasikika kama mtu amefunikwa blanketi. Tumia amplifaya ndogo ya volti 12 na spika mbili za gari za inchi 4, ukichukua sauti kwenye tundu la 3.5 mm la kompyuta au la skrini. Kioo cha mbele: akriliki ya mm 3 yenye moshi kidogo inatosha, na nyuma yake kadi nyeusi iliyokatwa kwa kipimo cha picha ya 4 kwa 3. Kata kadi baada ya picha kuonekana, kwa sababu pande nyeusi za LCD hung'aa kijivu gizani, na milimita mbili za kijivu zinaonekana kuliko unavyodhani.

Bunduki za gemu za enzi ya bomba hazitaitambua skrini yoyote kati ya hizi. Anayetaka kupiga risasi anunue yenye kamera, kama Sinden, na aache nafasi ya mstari mweupe kuizunguka picha. Kadi nyeusi isiufunike.